Tarishi Mwenye Huruma

Asiyetaka kuamini na asiamini, hatutamshika shati. Lakini gari lililolowa ndani siku ya jua kali liliegeshwa Karatu mchana kweupe, na walioliona bado wako hai na midomo yao.

Lilikuwa gari la kubebea watalii, lile la kufunguka paa. Dereva wake, Emilian, alikuwa ametumwa asubuhi kwenda kuchukua wageni kwenye hoteli moja iliyo ukingoni mwa kreta, kule Ngorongoro. Alirudi bila wageni. Paa limefungwa, vioo vimepandishwa, na bado viti vya nyuma vilikuwa vinachuruzika maji hadi kwenye ngazi. Mlango ulipofunguliwa ikatoka harufu ambayo si ya mvua wala ya gari lililooshwa. Ilikuwa harufu ya tope la chemchemi, tope jeusi linalolala chini ya majani yaliyooza mahali ambapo jua halifiki.

Filbert, mwenye kampuni, alishuka kutoka ofisini mbiombio.

"Emilian! Wageni wako wapi? Hoteli wamenipigia, wanasema hujatokea!"

"Niliwachukua, bosi," Emilian akajibu taratibu. "Walikuwa wamesimama palepale simu iliponielekeza. Nikawapakia, nikawashusha..."

Akanyamaza. Hakunyamaza kama mtu anayetunga uongo. Anayetunga uongo huhangaisha macho. Mdomo wake ulibaki wazi na macho yake yakatulia usoni kwa Filbert, yakisubiri.

"Ukawashusha wapi?"

"Nikawashusha..." akarudia Emilian, akasubiri tena.

"Chalii huyu ananichezea," Filbert akasema akiwageukia waliosimama. "Umebeba samaki wa Ziwa Eyasi kwenye gari la wageni, si ndiyo? Harufu yote hii! Nenda nyumbani kabla sijakasirika."

Alikuwa amekasirika tayari, lakini ndivyo watu wenye makampuni wanavyosema.

Aneth aliyaona yote kutoka dirishani juu. Wengine walikuwa wanamtuhumu Emilian. Yeye alikuwa amesikia neno moja tu: simu iliponielekeza. Na kilichokuwa ndani ya simu ile alikiandika yeye kwa mikono yake.

Kazi ya Aneth ilikuwa kutunza programu ya madereva. Dereva akigusa simu, kuna kipande cha programu kinachotoka kwenda kuuliza kompyuta ya hoteli: wageni wangu wako wapi? Aneth alikiita tarishi, maana kazi yake ni ya tarishi, kupeleka swali na kurudi na jibu. Mara nyingine kompyuta ya hoteli hujibu, "Hawapo hapa, kaulize anwani ile," na tarishi huifuata ile anwani mpya. Hapo hakuna ajabu. Tabu ni kwamba anwani za mtandao zina adabu zake. Hazitaki nafasi tupu wala herufi za ovyo. Kila kisichokubalika lazima kifungwe kwanza kwa alama na tarakimu ndipo kisafiri. Na tangu masika yaanze, majibu ya kuelekezwa kwingine yalikuwa yanakuja yamevunjika: pengo katikati, maneno yaliyokatwa, herufi ambazo kompyuta iliishia kuzichora kama visanduku vitupu.

Tarishi wa zamani alikuwa akiona anwani ya namna hiyo anagoma, anaandika kosa na kusimama. Madereva wakalalamika kwamba simu zinaganda. Filbert akalalamika kuliko madereva.

"Mteja hataki kuona makosa, Aneth," alimwambia. "Ikija imevunjika, iunge, iende."

Basi Aneth akaiunga. Aliandika mistari michache ya kumfundisha tarishi: ukikuta pengo, lijaze, ukikuta neno limekatwa, kisia lililobaki kutokana na njia unazozijua, kisha nenda. Mistari ile akaipa jina la huruma, akajisifu kimoyomoyo. Simu zikaacha kuganda. Madereva wakafurahi. Ilifanya kazi vizuri, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo.

Alimpigia simu Nanyori, binti wa mapokezi kule hotelini.

"Dada Aneth, sisi hatujaelekeza mtu popote," Nanyori akasema. "Wageni wako hapahapa, wamekasirika mpaka wamekuwa wekundu. Kompyuta yetu leo haijahamisha mtu."

"Kuna jibu limetoka kwenu. Ninalo hapa."

"Mimi ninayo majibu yetu hapa. Hakuna." Nanyori akashusha sauti. "Linasemaje hilo jibu?"

Aneth akalitazama. Jibu lenyewe halikusema kitu; lilikuwa vipande na mapengo. Tarishi ndiye aliyelimalizia, na alipokwisha kulimalizia likawa mahali: sehemu isiyo na jina kwenye ramani, pembeni mwa msitu, chini ya barabara ya ukingoni, penye kijito.

"Hamna kitu," akamwambia Nanyori.

Tangu hapo alimshuku kila mtu. Alimshuku Filbert, kwa sababu Filbert peke yake alikuwa na funguo zote za kompyuta. Alimshuku Nanyori kwa kushusha sauti. Alishuku vijana wa kampuni jirani, wanaojua kuvunja mitandao na wasiojua kuosha vikombe. Emilian alichukuliwa na ndugu zake hadi kwao Mang'ola, na wafanyabiashara wa vitunguu waliotoka huko wakaleta habari kwamba hali yake ni ileile: anaanza neno, anakomea katikati, anasubiri. Mkewe, kwa mapenzi, anammalizia kila sentensi. Na sasa, walisema, mke naye ameanza kukatika maneno.

Aliyemshuku mwisho, na kwa uchungu kuliko wote, ni mumewe.

Boazi naye alikuwa dereva wa Filbert, na kipenzi cha wageni. Kipaji chake kilikuwa kummalizia mtu maneno. Mzungu akianza kwa tabu, "Habari ya..." kabla hajakwama Boazi ameshasema "asubuhi!" na mzungu anacheka akidhani amelisema mwenyewe. Alifanya hivyo kwa wageni, kwa askari wa barabarani, hata kwa mchungaji katikati ya mahubiri. Na kwa mkewe alikuwa na kawaida yake. Kila asubuhi akiwa mlangoni, funguo mkononi, alisema, "Mke wangu, naenda, na jioni..." na Aneth akamalizia, "Unarudi." Hawakuwahi kuiacha tangu waoane. Hata wakiwa wamenuniana, Aneth alilisema lile neno lake, ingawa kwa kisirani.

Jioni moja Boazi aliingia na viatu vimejaa tope jeusi. Akavivua haraka, akavisukuma chini ya benchi. Aneth akanusa, na moyo ukampasuka. Kwanza aliwaza mwanamke. Ndivyo mtu anavyowaza.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Barabara ya kazini ina lami, Boazi. Ulikuwa wapi?"

Boazi akaenda kufunga mlango ambao ulikuwa umefungwa. Akakaa karibu naye kabisa, akaongea kwa sauti ya kunong'ona, yeye aliyezoea kusikika na gari zima.

"Usimwambie Filbert. Atasema nami nimebeba samaki." Hakucheka. "Nilipita geti la hifadhi pale Lodoare vizuri tu. Kule juu ukungu ukashuka. Si unaujua ule wa ukingoni, huoni hata boneti ya gari lako. Simu ikasema wageni wamehama, nishike kinjia cha kushoto. Nikashika. Kinjia kikaniteremsha, na kadiri kinavyoniteremsha ndege wakawa wanaacha kulia, mmoja mmoja, mpaka nikabaki na mlio wa injini, kisha nao ukawa kama unatoka mbali, na ile harufu ikaingia ndani ingawa vioo vyote nilikuwa nimefunga, na mbele yangu nikawaona wamesimama, Aneth, wamesimama kwa mstari kama wageni wanaosubiri gari, makoti ya mvua, kofia, kila kitu, ila hakuna begi hata moja, na maji yalikuwa yanawatoka mikononi, hayadondoki, yanatoka tu kama bomba lililolegea, na mmoja akaja dirishani akafungua mdomo akasema, 'Sisi ni wageni wa...'"

"Wa nani?"

"Hakumaliza! Alisimama hapo akinitazama. Na mimi mdomo ukanifunguka. Nilikuwa namalizia, Aneth, neno lilikuwa hapa kwenye ulimi, 'wa Boazi, karibuni.' Nyati akatoka porini akagonga bampa. Nikashtuka, nikarudi kinyumenyume mpaka lami."

Aneth alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Aliona haya kwa kumdhania ana mwanamke, halafu haya ikaondoka, ikabaki hofu tupu. Kwa sababu alikuwa amelikumbuka jambo.

Jumapili akapanda kwenda kwao Mbulumbulu. Mama yake, Petronila, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kwaya, alikuwa uani akipura maharage kwenye turubai.

"Mama, unamkumbuka yule mtu wa kwenye uzio? Nilipokuwa mdogo?"

Fimbo ikasimama hewani.

"Nilidhani umesahau," Petronila akasema.

Aneth hakuwa amesahau, alikuwa ameliweka mbali. Kwao, ukungu ukishuka, mtu akipiga hodi lazima ajieleze mwenyewe: ametoka wapi, ni mtoto wa nani, anakwenda kwa nani. Akikwama, hasaidiwi. Mwenye afya na nia njema atakohoa, atafikiri, atamaliza. Mchana mmoja alikuja mtu akasimama nje ya uzio akasema, "Natoka kwa... naenda kwa..." Babu yake, mzee Tluway, akakaa na fimbo yake magotini, kimya. Mtu yule akarudia mpaka sauti ikawa ya kulia. Aneth mdogo alimwonea huruma, akavuta pumzi apige kelele, "Kwa babu!" na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Ukungu ulipoinuka, pale uzioni palikuwa na maji tu.

"Alikuwa nani, mama?"

"Wazee waliwaita neetlangw, wa kwenye chemchemi. Mchungaji anawaita majini. Wenyewe hawajali wanaitwaje." Petronila aliketi juu ya ndoo. "Hawazijui njia za watu. Wanajua nusu. Nusu nyingine hupewa na mwenye huruma."

Aneth akaketi ukingoni mwa turubai. Hakuwa amemtajia mtu yeyote jina la mistari ile.

"Wakishapewa?"

"Wanaingia. Na aliyewamalizia anabaki nusu, ili nusu ile nyingine wakae wao. Halafu naye anaanza kutafuta wa kummalizia." Akamtazama bintiye kwa macho ya mwalimu. "Umefanya nini huko mjini?"

Aneth akaeleza. Petronila hakuelewa habari za kompyuta, lakini alielewa upesi kwamba bintiye ametuma tarishi barabarani anayemwitikia kila mtu na kummalizia.

"Mfunge mdomo," akasema. "Hakuna dawa nyingine, na mimi si mganga. Jino la pembe si dawa ya pengo. Pengo liache pengo. Na mumeo yule mwenye mdomo wa karibu-karibu, mbandike plasta."

Jumatatu Aneth aliifuta huruma. Filbert alisimama nyuma ya kiti chake akilalamika.

"Madereva wataganda barabarani!"

"Wagande. Watapiga simu hotelini, mtu ataongea na mtu."

"Na wageni wakichelewa? Nikufukuze kazi?"

"Nifukuze," Aneth akasema bila kugeuka. "Lakini baada ya kumaliza hii."

Akaandika upya. Anwani ikija imevunjika, tarishi asiiguse, asiijaze, asiikisie. Aiache ilivyo, aandike kosa, arudi nyumbani. Akabonyeza, akakaa kusubiri.

Hawakukawia. Mstari mwekundu wa kwanza ukatokea kwenye kioo: jibu limekuja, limevunjika, limekataliwa. Kisha wa pili. Kisha ikawa mfululizo, na hakuna dereva hata mmoja aliyekuwa ameuliza kitu. Bomba la ofisini likaanza kudondoka, siku ambayo mji mzima haukuwa na maji, na harufu ya tope ikapanda ngazi polepole ikaingia chumbani, na Filbert akaacha kulalamika, akasogea mpaka bega lake likagusa la Aneth, kwa sababu majibu yale yalikuwa yanabadilika mbele ya macho yao, yanajaribu, yanatafuta, hapa kipande cha jina la Mbulumbulu, pale herufi za mwanzo za Tluway, kisha pengo, kisha mtaa wa nyumbani kwa Aneth ukiwa nusu, kisha pengo refu, na baada ya pengo herufi moja moja zikisimama mbalimbali kama watu wanaosubiri gari. Vidole vya Aneth vilikuwa juu ya vitufe. Akavikunja, akavikalia.

"Mungu wangu," Filbert akanong'ona. "Wanataka nini?"

"Usiseme. Usisome kwa sauti."

Tarishi alikataa, akakataa, akakataa. Mwishowe mistari ikapungua, ikakoma. Bomba likanyamaza. Filbert akakaa sakafuni na suruali yake ya kitambaa na hakumfukuza mtu kazi.

Siku zikapita na magari yakarudi makavu. Aneth alimweleza Boazi yote aliyoyasema mama, akamwapisha. Boazi akaapa. Alijitahidi kweli, tuseme haki. Wageni walikuwa wanakwama na yeye anajiuma midomo mpaka wakadhani ana jino bovu. Lakini mazoea yana taabu.

Ikaja asubuhi ya ukungu, ule mzito unaoshuka mpaka mjini na kumeza nyumba ya jirani. Aneth alikuwa jikoni anakoroga uji. Boazi alikuwa nje anafuta vioo vya gari, anaimba. Kuku wakanyamaza. Aneth akainua mwiko, akasikiliza.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke getini, Kiswahili cha mgeni aliyejifunza juzi, cha kupendeza. "Samahani, kaka. Mimi natafuta... nyumba ya..."

Aneth aliacha sufuria, akakimbia. Kutoka jikoni hadi mlangoni ni hatua chache mno, na zilitosha kumchelewesha.

"Nyumba ya Boazi na Aneth!" Boazi akasema kwa furaha yake yote. "Ndiyo hapahapa. Karibu sana!"

Geti halikulia. Hakuna aliyeingia, walau wa kuonekana. Ukungu ulisogea kidogo tu, kama pazia mtu akipita. Kisha Boazi akaja mlangoni, mzima, nguo zilezile, uso uleule ambao Aneth aliupenda. Funguo za gari mkononi. Maji yalikuwa yanamtoka kwenye mikono ya shati, hayadondoki, yanatoka tu, na uji ukaacha kunukia, ikabaki harufu moja.

"Mke wangu," akasema. "Naenda, na jioni..."

Akanyamaza. Mdomo ukabaki wazi. Macho yakatulia usoni kwake, yakisubiri.

Aneth alilijua neno lililobaki. Alikuwa amelisema kila asubuhi ya ndoa yake, na hakuwahi kulitaka kama alivyolitaka sasa; asipolisema, nani atamrudisha? Machozi yakamtiririka. Akainua kiganja chake chenye unga, akajiziba mdomo.

"Naenda," Boazi akarudia, na safari hii sauti ilikuwa ya kulia, "na jioni..."